Dawa za rangi kutoka baharini: Usiache mbachao kwa msala upitao

Mtu anapoanza kutibiwa kifua kikuu, jambo moja ambalo humshtua mapema ni kuona mkojo wake umegeuka rangi ya chungwa. Wengine hudhani wanakojoa damu, na wapo wanaotaka kuacha dawa kwa hofu. Wahudumu wa afya huwatuliza kwa kuwaambia kwamba rangi hiyo inatokana na rifampisini, mojawapo ya dawa wanazomeza, na kwamba haina madhara. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba dawa hiyo yenye rangi iliundwa kutokana na kemikali ya bakteria. Mwaka wa 1957 udongo kutoka pwani ya kusini mwa Ufaransa ulipelekwa katika maabara mjini Milan, Italia, na humo akapatikana bakteria aliyekuwa akitengeneza kemikali ya kuua bakteria wengine. Wanasayansi waliirekebisha kemikali hiyo kwa miaka kadhaa hadi wakapata rifampisini, ambayo mpaka leo ni nguzo ya matibabu ya kifua kikuu hapa Kenya na kwingineko duniani.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, ukisikia kwamba wanasayansi wanachunguza rangi za bakteria wa baharini ili wapate dawa za maradhi sugu, usidhani ni hekaya za Abunuwasi. Kemikali ya rangi iliyotoka kwa bakteria imekwisha kuokoa maisha ya watu wengi mno. La kujiuliza ni hili: tumaini hilo limefika wapi, na wewe ufanye nini wakati linangojewa?

USUGU NI WA KIINI, SI WA MWILI

Antibiotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaane. Zinapotumiwa, bakteria dhaifu hufa. Lakini akiwapo mmoja ambaye ana njia ya kuihimili dawa, huyo hubaki, huzaana na kuacha kizazi chenye uwezo kama wake. Fauka ya hayo, bakteria wanaweza kupeana uwezo huo, hata wa aina moja akampa wa aina nyingine.

Kumbuka kwamba anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mgonjwa. Ndiyo sababu mtu ambaye hajameza antibiotiki kwa miaka mingi anaweza kuambukizwa kiini sugu kutoka kwa jirani, kutoka kwa kitanda cha hospitali au kutoka kwa nyama ya kuku ambayo haikuiva.

Jambo hili halikuanza jana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 kwamba dozi hafifu huwazoesha bakteria dawa. Metisilini, dawa iliyotengenezwa ili kuwakabili stafilokoki walioshinda penisilini, ilianza kutumika mwaka wa 1959. Kufikia mwaka wa 1961 stafilokoki walioihimili walikuwa wamekwisha kuonekana Uingereza. Hapa kwetu, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wamekuwa wakikutana na homa ya matumbo isiyosikia dawa kadhaa zilizokuwa zikiitibu zamani.

Kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka wa 2024, watu wapatao milioni 1.14 walikufa duniani mwaka wa 2021 kutokana moja kwa moja na bakteria sugu. Kwa Kenya, makadirio ya mwaka wa 2019 yalikuwa vifo 8,500 hivi. Wanaokufa namna hii si watu wenye maradhi mageni. Ni mama aliyeshonwa baada ya kujifungua kwa upasuaji, ni mtoto mchanga aliyeingiwa na viini katika damu, ni mzee aliyewekewa mpira wa mkojo. Dawa ambayo ingaliwaponya miaka ishirini iliyopita huenda leo isiwafae.

UGALI ULIOGEUKA DAMU

Habari ya rangi za bakteria ni ya kale. Mwaka wa 1819, karibu na mji wa Padua nchini Italia, ugali wa mahindi ambao wenyeji huuita polenta ulionekana umejaa madoa mekundu kama damu. Watu waliingiwa na hofu, wakasema ni laana. Mfamasia mmoja kwa jina Bartolomeo Bizio aliuchunguza ugali huo, akaonyesha kwamba wekundu ule ulikuwa ni kiumbe hai kidogo mno kilichokuwa kikiota juu ya chakula penye joto na unyevu. Alikiita Serratia. Rangi yake nyekundu baadaye ilipewa jina la prodijiosini, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya ajabu au muujiza.

Baadaye ilijulikana kwamba prodijiosini na jamii zake hutengenezwa pia na bakteria kadhaa wanaoishi baharini. Pamoja nayo ipo violaseini, yenye rangi ya zambarau inayokaribia ile ya GV, dawa ambayo akina mama wengi wanaijua kwa kumpaka mtoto mwenye utando mweupe mdomoni. GV hutengenezwa kiwandani, ilhali violaseini hutengenezwa na bakteria wenyewe, wakiwemo baadhi ya wale wa baharini wanaoitwa Pseudoalteromonas.

Rangi hizi mbili zimejaribiwa mara nyingi katika maabara, na zote huwaua au kuwazuia stafilokoki, wakiwemo wale wasiosikia metisilini. Hapo ndipo matumaini yalipozaliwa.

KWA NINI BAHARINI?

Mililita moja ya maji ya bahari, ambayo ni kama matone ishirini, huwa na bakteria takriban milioni moja. Viumbe hao hawaishi kwa amani. Penye jani la nyasi za baharini, juu ya jiwe au juu ya tumbawe, nafasi ni chache na wanaoitaka ni wengi. Aidha, wapo viumbe wadogo wanaopita wakiwala bakteria kama mbuzi anavyokula majani. Kwa kuwa bakteria aliyeshikamana na jiwe hawezi kukimbia, hujikinga kwa sumu. Mwaka wa 2008 watafiti walieleza kwamba violaseini ni mojawapo ya sumu hizo: kiumbe akimla bakteria mwenye rangi hiyo, hufa. Rangi nyingine, hasa za manjano na chungwa, humkinga bakteria dhidi ya jua kali.

Wanasayansi walianza kuitupia bahari jicho zamani. Mwaka wa 1966 mtafiti Paul Burkholder na wenzake walitangaza kwamba wamepata antibiotiki kutoka kwa bakteria aliyekuwa akiishi juu ya nyasi za baharini huko Puerto Rico. Kemikali hiyo ilikuwa ya ajabu kwa kuwa zaidi ya thuluthi mbili za uzito wake zilikuwa bromini, madini yaliyomo katika maji ya chumvi. Nyasi za jamii hiyo zipo pia katika pwani yetu, na wavuvi wa Gazi, Watamu na Lamu huzipita kila siku.

Hata hivyo, faida kubwa zaidi iliyotoka ufukweni haikutokana na bakteria bali kuvu. Mwaka wa 1945 Giuseppe Brotzu, daktari wa kisiwa cha Sardinia, alichota maji mahali ambapo mfereji wa maji taka ulimwagikia baharini katika mji wa Cagliari. Humo alipata kuvu aliyeua bakteria wengi, pamoja na wale wa homa ya matumbo. Kutokana na kuvu huyo zilipatikana dawa za jamii ya sefalosporini. Seftriaksoni, sindano inayotumiwa sana katika hospitali zetu, ni ya ukoo huo.

Lakini tazama miaka. Brotzu alichota maji yake mwaka wa 1945, na sefalosporini ya kwanza iliingia sokoni mwaka wa 1964. Hiyo ni miaka 19, na safari yenyewe ilifanikiwa.

RANGI INAVYOUA, NA INAPOSHINDWA

Violaseini hushambulia utando unaomzunguka bakteria. Utando ukiharibika, vilivyomo ndani huvuja na bakteria hufa. Hili ni jambo la kutia moyo, kwa sababu antibiotiki nyingi tulizonazo hufanya kazi kwa njia nyingine, na kiini kilichojifunza kuzihimili hizo si lazima kiwe kimejifunza kuihimili hii. Katika majaribio ya maabara violaseini imewahi kuchanganywa na baadhi ya antibiotiki za kawaida na mchanganyiko ukaonekana kuwa na nguvu zaidi dhidi ya stafilokoki.

Taabu ni kwamba bakteria wamegawanyika katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza, ambalo stafilokoki wa majipu na vidonda wamo, halina utando wa ziada upande wa nje. Kundi la pili, ambalo ni la akina Escherichia coli wa njia ya mkojo na Klebsiella wa wodi za watoto wachanga, lina utando mwingine nje unaozuia kemikali nyingi zisipenye. Rangi hizi za baharini zina makali kwa kundi la kwanza, na kwa kundi la pili mara nyingi ni butu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha mpya ya bakteria sugu mwaka wa 2024, waliowekwa katika daraja la hatari kubwa zaidi walikuwa hasa wa kundi hilo la pili, pamoja na kifua kikuu kisichosikia rifampisini. Kwa maneno mengine, rangi hizi zinatisha maadui, lakini si wale tunaowaogopa zaidi.

Pia usidanganyike kwamba rangi yenyewe ndiyo inayoponya. Katika miaka ya 1930 Gerhard Domagk, mwanasayansi wa Ujerumani, aligundua kwamba rangi nyekundu ya kutilia vitambaa iitwayo Prontosil iliwaponya panya walioambukizwa bakteria. Dunia ilistaajabu. Lakini mwaka wa 1935, mwaka ule ule habari hiyo ilipotangazwa, wanasayansi wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris walionyesha kwamba mwili huivunja rangi hiyo, na sehemu inayofanya kazi haina rangi hata kidogo. Violaseini ina rangi na inaua, lakini haiui kwa sababu ina rangi.

SAFARI YA MAABARA HADI KITANDANI

Kuua bakteria katika kisahani cha maabara ni rahisi. Hata sabuni, siki na maji yanayochemka huwaua. Kazi ni kuwaua ndani ya mwili bila kumdhuru mwenye mwili.

Kizingiti cha kwanza ni damu. Mwaka wa 2008 watafiti wa California walieleza kemikali walizozipata kwa bakteria wa mchanga wa chini ya bahari, ambazo ziliua stafilokoki sugu kwa dozi ndogo. Zilipojaribiwa tena pamoja na maji ya damu ya binadamu, nguvu zake zilizimika, kwa kuwa protini za damu zilizishika zisifanye kazi.

Kizingiti cha pili ni sumu. Mwaka wa 1940 Selman Waksman, ambaye baadaye kikosi chake kiligundua streptomaisini, alipata kutoka kwa bakteria wa udongo kemikali ya rangi ya chungwa na nyekundu iitwayo aktinomaisini. Iliua bakteria vizuri sana, lakini iliwadhuru pia wanyama waliopewa. Haikuwahi kuwa antibiotiki ya watu. Leo hutumiwa kutibu saratani, pamoja na ile ya figo inayowapata watoto, chini ya uangalizi mkali. Prodijiosini nayo hudhuru chembe za mwili wa binadamu, na dawa iliyoundwa kwa kuiga umbo lake ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani bila kufika sokoni.

Kizingiti cha tatu ni maji. Prodijiosini na violaseini haziyeyuki vizuri majini, na dawa isiyoyeyuka ni shida kuitia katika sindano au kuifikisha kwenye damu.

Kizingiti cha nne ni fedha. Antibiotiki mpya hufichwa ili itumike mara chache, na mgonjwa huinywa kwa siku chache tu, kwa hivyo anayeitengeneza hapati faida ya haraka. Kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha antibiotiki mpya mwaka wa 2018, na mwaka wa 2019 ikafilisika.

Ndiyo sababu mpaka sasa hakuna prodijiosini wala violaseini iliyoidhinishwa kuwa antibiotiki ya binadamu. Huenda matumizi ya mapema yakawa nje ya mwili. Mwaka wa 2008 watafiti walitumia rangi nyekundu ya bakteria wa baharini kutilia rangi vitambaa vya sufi na hariri, na vitambaa hivyo vikaonekana kuua bakteria waliovigusa. Kwa hospitali, kitambaa au kifaa kisichobeba viini si jambo dogo. Lakini kitambaa hakitamponya mtu ambaye viini vimekwisha kuingia katika damu yake.

JIHADHARI NA WAUZAJI NA MAJI YA CHUMVI

Habari kama hizi huwafurahisha pia matapeli. Akija mtu akuuzie chupa ya maji mekundu au ya zambarau akidai ni dawa ya baharini inayoponya maradhi sugu, usimpe pesa zako. Hali kadhalika, wapo wanaoamini kwamba kidonda kikioshwa kwa maji ya bahari hupona upesi. Bakteria wanaotengeneza kemikali hizi hutoa kiasi kidogo mno, na katika maji hayo hayo wamo viini vya jamii ya Vibrio vinavyoweza kuingia kwenye kidonda na kukiozesha. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari au maradhi ya ini. Kidonda kisafishe kwa maji safi na sabuni, na kisipopona, kipeleke kliniki.

WEWE UFANYE NINI?

Dawa mpya ikipatikana kesho, itakutana na tabia zile zile zilizoharibu za zamani. Kwa hiyo fanya haya kuanzia leo.

Usinunue antibiotiki bila cheti cha daktari. Ukiomba tembe nne za shilingi hamsini kwa kuwa ndizo unazoweza kulipia, unanunua dozi ambayo haikuponyi na inayowapa viini mazoezi. Kama pesa hazitoshi, mwambie daktari waziwazi. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu inayofaa.

Usiidai dawa ambayo haikufai. Mafua na vikohozi vingi huletwa na virusi, na antibiotiki haina uwezo juu ya virusi. Mtoto anayeharisha maji matupu aghalabu huhitaji maji ya chumvi na sukari yanayotolewa katika pakiti, pamoja na tembe za zinki, wala si antibiotiki. Mpeleke hospitali ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, amelegea au hawezi kunywa.

Ukiambiwa una homa ya matumbo, uliza umepimwa vipi. Kipimo cha upesi cha damu kiitwacho Widal huweza kumwonyesha mtu kuwa mgonjwa kumbe hana ugonjwa huo. Kuotesha viini vya damu ndiyo njia ya kutegemewa zaidi. Vivyo hivyo, maambukizi ya mkojo yakirudi mara kwa mara, omba mkojo wako uoteshwe maabara ili ijulikane ni kiini gani na ni dawa ipi inayokiweza.

Meza dawa kwa saa na kwa siku ulizopangiwa, usimgawie jirani, wala usiweke masalio kabatini kungojea ugonjwa mwingine. Anayetibiwa kifua kikuu asiache kwa kuwa kikohozi kimekwisha. Rifampisini ikipoteza nguvu kwake, matibabu huwa magumu zaidi, na kiini hicho sugu atawaambukiza wa nyumbani mwake.

Ukifuga kuku au ng'ombe, usiwape antibiotiki ili wanenepe, wala usiuze maziwa au mayai kabla siku alizotaja daktari wa mifugo hazijapita.

Mwisho, zuia ugonjwa kabla haujahitaji dawa. Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa, na hakikisha watoto wanapata chanjo. Chanjo ya kuzuia nimonia imekuwapo Kenya tangu mwaka wa 2011, na ile ya homa ya matumbo watoto walianza kupewa mwaka wa 2025. Kila ugonjwa uliozuiwa ni dozi moja ya antibiotiki ambayo haikutumika.

Wacha wanasayansi waendelee kuzama baharini, na tuwatakie heri. Huenda siku moja wakaibuka na rangi itakayotibu yasiyotibika sasa. Lakini penisilini, seftriaksoni na rifampisini ndizo zilizo mkononi leo, na mtoto atakayeugua usiku wa leo atategemea hizo. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu wa baharini ungali mbali. Tuutunze mbacha tulio nao.